Kambale Walipomhama Mashimba

Mwezi wa tisa mwaka 1996, mwenyekiti wetu wa kijiji, Kristofa, alisimama mbele ya ofisi akasoma karatasi moja mbio mbio kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Alipofika mwisho akaikunja, akasema, "Hayo ndiyo maendeleo."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, isome tena. Safari hii uwe unapumua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema mkutano umefungwa.

"Haujafungwa," nikasema. "Nipe nikusomee mimi."

Shule sikupelekwa. Baba yangu, Machibya, alisema msichana akijua kuandika ataandikiana na wanaume. Nilijifunza kusoma mwaka wa sabini na tano katika kisomo cha watu wazima, mtoto mgongoni, chaki mkononi, na tangu hapo hakuna karatasi iliyonipita hivi hivi. Nimesoma risiti za pamba. Nimesoma magazeti yaliyofungiwa chumvi. Nimesoma mabango ya vyama vyote. Kwa hiyo niliichukua karatasi ya Kristofa nikaisoma polepole, neno kwa neno, mpaka wazee wa nyuma kabisa wakasikia.

Ilisema kwamba bwawa la Mto wa Zamani, ndani ya vigingi vitakavyowekwa, pamoja na samaki waliomo, amepewa Bwana Mashimba kwa msimu mmoja wa majaribio. Akiridhika na mavuno, mkutano wa mwezi wa kwanza utampa miaka kumi. Mwanakijiji atakayevuka vigingi na chombo chochote cha kuvulia atapelekwa mahakamani Bariadi.

Nilipomaliza hakuna aliyecheka.

Mto wa Zamani ni pale mto wetu ulipokuwa unapita zamani, kabla ya mvua za mwaka wa uhuru. Mvua zile zilipokwisha tuliukuta mto umekata njia ya mkato, na ile kona yake kubwa imebaki peke yake, imepinda kama pembe ya ng'ombe, maji yametulia, matete yameota pembeni. Mlango mmoja mwembamba tu ndio unaoiunganisha na mto kukiwa na mafuriko. Kambale walibaki humo wakazaana. Kila mwaka, pamba ikishauzwa na jua likiwa kali, kijiji kizima kilikuwa kinaenda siku moja, wote pamoja, na migono, yale matenga marefu ya fito ambayo samaki huingia asiweze kutoka. Wajane, walokole, Wakatoliki, wenye dawa zao za asili, wote matopeni. Siku hiyo haikuwa ya mtu. Ndiyo iliyotuvusha miezi ya njaa, maana kambale akikaushwa kwa moshi anakaa mpaka mahindi yakomae.

Huyu Mashimba tulimjua. Alikuja mwaka wa tisini na nne, ushirika ulipoacha kununua pamba peke yake na kila mwenye lori akaruhusiwa. Mizani yake ilikuwa na njaa: unapanda na gunia lililojaa, unashuka umeambiwa ni nusu. Kwao ni ziwani, amekulia kwenye mitumbwi na makokoro, zile nyavu ndefu za kukokota. Na kambale wetu hakuwataka ili awale. Aliwataka wale wadogo wawe chambo, wapelekwe ziwani wakiwa hai kwenye mapipa, watungwe kwenye ndoano za sangara, na sangara huyo akatwe minofu apande ndege kwenda Ulaya. Chakula cha mtoto wangu kiwe chambo cha chakula cha mtoto wa Mzungu. Kristofa alipoulizwa akasema ndiyo soko huria.

Mwaka wa sabini na nne walitutoa kwenye mahame yetu kwa lori, wakaezua nyumba yangu ugali ukiwa bado motoni, wakasema ni maendeleo. Miaka ishirini baadaye wakasema yale yalikuwa makosa, maendeleo ni haya mengine. Waliosema ya kwanza na waliosema ya pili ni wale wale. Wamebadili kofia. Mimi sisahau nyuso.

Basi vigingi vikapigwa, vimepakwa rangi nyekundu. Mashimba aliviweka mwenyewe, mwezi wa tisa, kiangazi, pale maji yalipoishia siku ile. Aliviweka kwa hatua zake, akijigamba. Nilisimama nikamtazama mpaka kigingi cha mwisho, na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupata akili.

Maana nyuma ya vigingi vile, upande wa mlimani, ni majaruba yetu ya mpunga. Kumi na moja, yamepangana kupanda juu, kila moja na matuta yake ya kuzuia maji. Na mtu wa ziwani hajui kitu kimoja ambacho kila mtoto wetu anakijua: mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, kambale hataki mto. Anataka maji mapya. Anayafuata yanakotoka, anapanda kwenye majani yaliyofunikwa na maji akatage. Akikosa maji ya kuogelea anatambaa kwa tumbo.

Safari yetu ya uvuvi tuliipangia Dutwa, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Pale injini inapiga kelele, hakuna anayesikia isipokuwa aliyekuinamia. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja wenye majaruba, kila mmoja na debe lake la mahindi, akiwemo Salu, mjane mwenye jaruba la juu kabisa, ambaye ulimi wake haujawahi kuwa likizo.

"Mpango wako ni nini, mayu Nyanjige?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Tuwaite kambale kwa majina?"

"Tuwafungulie mlango. Kati ya vigingi na jaruba la kwanza kuna mfereji wa zamani umezibwa na matete. Tunaufyeka. Akiuliza mtu, tunakata majani ya kuezekea. Halafu tunapasua matuta, kila mtu la kwake, toka chini mpaka kwako juu. Mvua ikija, maji yatateremka toka kwako hadi bwawani, na kambale watapanda toka bwawani hadi kwako."

"Na migono?"

"Hapo ndipo penye kazi. Hakuna atakayetega mpaka samaki wamefika jaruba lako. Wakishafika, unatwanga kinu kitupu. Tukisikia kinu, aliye chini kabisa anaziba tuta lake. Wote wako kwetu. Ndipo tunatega, kila mtu kwake."

Kila mmoja alikuwa anafikiri jambo lile lile. Aliye chini atawaona kambale wakipita mlangoni kwake, wanene, wa kwanza, na aambiwe asubiri. Akitega mmoja tu, walio nyuma wanashtuka, wanageuka, na walio juu wanakula mlenda.

Salu akacheka. "Nani alifanya hivyo mwaka wa sitini na tano? Nikumbushe, wewe mwenye kumbukumbu."

"Unajua ni nani."

"Sijui. Nimezeeka. Lisikike jina."

"Machibya," nikasema. "Baba yangu. Alitega wa kwanza, samaki wote wakarudi. Kijiji kilikaa mwezi mzima bila kumpa moto wala maji. Mimi ndiye niliyekuwa natumwa kuomba moto nikarudi na kigae kitupu. Ndiyo maana nawaambia msitege."

Baada ya hapo hakuna aliyenitania. Specioza ndiye aliyesema, akiwa ameshika debe lake kwa mikono miwili. Jaruba la kwanza, lile la chini linalogusa vigingi, ni lake.

"Mimi nitafungua," akasema. "Lakini mnajua nimeolewa na nani."

Tulijua. Mume wake ni Ngassa, mdogo wa marehemu mume wangu, na Ngassa ndiye aliyeajiriwa na Mashimba kulinda bwawa. Alipewa koti la mvua la kijani na filimbi. Akipuliza filimbi, kijana wa Mashimba anayelala kwenye lori kule barabarani anakimbilia kwa tajiri wake.

Nilimfuata Ngassa mwenyewe. Nilimkuta amekaa kando ya kigingi, koti amelivaa na jua likiwaka.

"Mwangaluka, shemeji."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola. Hilo koti mvua yake iko wapi?"

"Itakuja."

"Ikija utafanyaje?"

Akanitazama. Ngassa si mjinga. Ni mtu aliyechoka tu. "Shemeji, usinieleze kitu. Nikikijua nitaulizwa. Mimi nimeambiwa nilinde vigingi, mtu asivuke kuingia. Hayo ndiyo niliyoambiwa."

"Na kinachovuka kutoka?"

"Nimekuomba usinieleze."

Nikaondoka sijui kama ni wetu au si wetu.

Tulifyeka matete siku nne, tukaimba nyimbo za kuezeka, na Kristofa mwenyewe alipita akatusifu kwa kujitolea. Akaniambia nimeanza kuelewa. Nikamwambia naelewa kila siku zaidi. Mashimba naye alikuwa anajiandaa. Aliziba ule mlango mwembamba wa mtoni kwa nyavu mbili, moja nyuma ya nyingine, akasema mvua ikinyesha kambale watataka kukimbilia mtoni na watamkuta. Akatangaza kwamba asubuhi baada ya mvua ya kwanza atavuta kokoro mbele ya watu wote, ili mkutano uone kwa macho na miaka kumi ipitishwe hapo hapo. Alialika wageni wawili toka ziwani, wenye mapipa.

Mwezi wa kumi na moja ukaingia, mbingu kavu. Wengine wakaanza kunong'ona. Matuta yamepasuliwa, mvua ikiwa hafifu mpunga utakosa maji, tutakosa samaki na wali vyote viwili. Salu alikuja kwangu na fimbo. "Mayu, mvua isiponyesha wiki hii naziba tuta langu. Sina mume wa kunilisha." Nikamwomba siku tatu. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, wingu lilisimama upande wa Ipililo, jeusi. Upepo ukaja na vumbi, kisha ukanyamaza, kisha mvua ikashuka kama inamwagwa. Nilijifunika gunia nikakimbilia majarubani. Wote walikuwa wakikimbia, na hakuna aliyebeba mgono. Nilitazama mikono yao mmoja mmoja. Mitupu.

Maji yalikuja toka mlimani ya rangi ya chai ya maziwa. Yakajaza jaruba la Salu, yakatoka kwenye pengo la tuta, yakaingia la pili, la tatu, yakateremka hivyo moja baada ya jingine mpaka kwa Specioza. Yeye alikuwa amesimama na jembe kwenye tuta lake la mwisho, ukuta wa mwisho kabla ya mfereji, bado hajaufungua. Hatua kumi mbele yake, kwenye kigingi, alisimama Ngassa ndani ya koti la kijani, filimbi mdomoni.

"Specioza," akasema, filimbi ikilia kidogo kwa kila neno, "unafanya nini?"

"Nalima."

"Kwenye mvua?"

"Wewe unalinda maji kwenye mvua. Mimi nalima kwenye mvua. Kila mtu na wazimu wake." Akapiga jembe. Tuta likapasuka. Maji yakaruka mfereji mzima, yakaingia bwawani kwa kishindo, na povu likaenda mbali.

Tukasubiri. Mvua ilikuwa inapiga matete hata hatusikilizani. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu maji ya bwawa yakatikisika karibu na kigingi, kama yanachemka. Mgongo mmoja mweusi ukapanda mfereji. Wa pili. Kisha sikuweza kuhesabu. Walikuja kwa ubavu, kwa tumbo, wakipandana, ndevu zao juu ya maji, mdomo wa mfereji ukawa mweusi. Walipita kushoto na kulia kwa miguu ya Ngassa. Mmoja alimgonga kwenye kifundo cha mguu, mlinzi akaruka.

Ngassa akashika filimbi kwa vidole.

"Ukipuliza hiyo," Specioza akamwambia, bila kupaza sauti, "leo jioni utakula hiyo filimbi. Na kesho."

Wanawake wakacheka, lakini kicheko cha kuogopa. Ngassa alitazama barabarani, lori lilipo. Akatutazama sisi. Akatazama kigingi, akakigusa kama mtu anayegusa bega la mtoto.

"Kigingi kipo," akasema kwa sauti. "Na kile kipo. Na kile. Vyote vipo, hakuna aliyeingia." Akaitia filimbi mfukoni, akatugeuzia mgongo, akawa analinda upande wa pili.

Sasa ndiyo ikaja ile kazi ngumu kuliko zote, ya kutofanya kitu. Specioza alisimama juu ya tuta lake, kambale wakipita wenye unene wa paja, na mikono yake ikiwa nyuma. Aliuma kanga. Katika jaruba la pili, la tatu, vile vile. Nilikuwa kwenye la nne, langu mwenyewe, na samaki mmoja mkubwa alikuja akasimama miguuni pangu kana kwamba ananijaribu. Damu ya Machibya ilinipanda mpaka mikononi. Nikaishika mikono yangu, mmoja kwa mwingine. Akapita.

Mwanga ulikuwa unaanza kufifia tulipokisikia. Du. Du. Du. Kinu kitupu cha Salu, kule juu, kinatwangwa kama siku ya harusi. Specioza akarusha jembe, tope, majani, akaziba tuta lake, akapanda juu yake akalikanyaga kwa miguu yote miwili. Tukapiga vigelegele. Tukaleta migono, tukaitega kwenye kila pengo, tukaenda kulala.

Asubuhi ilikuwa safi. Mashimba alikuja na suruali nyeupe. Wageni wake walikuja na mapipa sita, Kristofa na daftari la mkutano. Kijiji kizima kilikusanyika ukingoni, kimya, na heshima tele. Vijana kumi na wawili wakashika kamba za kokoro wakavuta. Walivuta wakaimba. Likaja zito, Mashimba akapiga makofi. Likatoka likiwa limejaa matope na magugu, kobe mmoja, visamaki vya furu vya kujaza sahani, na ndala ya mguu wa kushoto.

"Vuta tena!" akasema.

Wakavuta tena. Safari hii hata ndala haikuwemo. Akakimbilia nyavu zake za mlangoni. Zilikuwa zimesimama vizuri sana, safi, kama pazia la nyumba ya wageni.

Ndipo mmoja wa wageni wake akageuza kichwa. Kule nyuma yetu, majarubani, Salu alikuwa ameanza kutoa mgono wake bila kusubiri mtu, na kambale walikuwa wanapiga mikia kiasi cha kurusha maji juu ya kichwa chake.

Mashimba alikuja mbio, viatu vikibaki matopeni. "Hao ni samaki wangu!"

"Wanaitwa nani?" Salu akamuuliza.

"Nimesema ni wangu! Walikuwa bwawani!"

"Ng'ombe wako akiingia kwangu nitamjua kwa chapa," akasema Salu, akamwinua kambale mmoja kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku. "Njoo unionyeshe. Umempiga chapa ubavuni au pajani? Maana sikio hana."

Kijiji kililipuka. Wazee walishika mbavu. Hata mgeni mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Mwenyekiti!" Mashimba akapiga kelele. "Mwite mlinzi!"

Ngassa akaja ndani ya koti lake, jua likiwaka. Kristofa akamuuliza, je, kuna mtu yeyote aliyevuka vigingi kuingia bwawani?

"Hakuna hata mmoja," Ngassa akasema. "Naapa kwa kaburi la kaka yangu."

Na ilikuwa kweli tupu. Nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeinakili yote kwa mkono, hata ile sahihi nimeichora. "Ndani ya vigingi," nikasoma. "Vigingi ulivipiga mwenyewe, Bwana Mashimba, kwa hatua zako, mimi nikikutazama. Hakuna mtu aliyekusogezea hata kimoja. Ndani ya vigingi vyako kuna kobe. Ni wako, mchukue. Huku ni majaruba ya watu, na kinachoingia kwenye jaruba la mtu ni chake, awe panzi awe kambale. Ilikuwa hivyo kabla ya ushirika, kabla ya vijiji, kabla yako. Mwenyekiti, mkutano upo hapa wote. Muulize swali lako. Ameridhika na mavuno?"

Kristofa akafungua daftari lake. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nilimwona anapumua. "Bwana Mashimba," akasema, "umeridhika?"

Mashimba alisema neno ambalo siliandiki. Akasema ardhi hii imelaaniwa, na bwawa hili hata apewe bure miaka mia hataki.

"Andika," nikamwambia Kristofa. "Hataki. Andika kama alivyosema."

Akaandika. Tukanyoosha mikono, kijiji kizima, wanaume na wanawake, mingine ikiwa bado na ute wa samaki, kwamba Mto wa Zamani ni wa kijiji na hautatolewa kwa mtu. Mikono ilikuwa mingi hata Kristofa hakuhesabu. Aliandika "wote".

Mashimba akapanda lori. Likawaka, likaenda hatua ishirini kwenye ule udongo mweusi wa mbuga ulionyeshewa, likazama mpaka ekseli. Magurudumu yakazunguka yakirusha tope kwenye mapipa matupu. Akazima injini, akakaa ndani, hakutaka kutuomba.

Tulimwacha akae kidogo. Halafu Ngassa akavua koti la kijani, akaliweka vizuri kwenye kiti cha mbele kando ya tajiri wake, na filimbi juu yake. Akazunguka nyuma ya lori, akaweka bega. "Jamani," akasema, "mnataka huyu mtu alale kwetu?"

Hakuna aliyetaka. Tulikuja watu sitini, sabini, tukakata matawi tukatandika chini ya magurudumu, tukaweka mabega. Salu aliongoza wimbo wa kulima, tukalisogeza lile lori shibiri kwa shibiri, tukiimba, tope mpaka vifuani, tukalifikisha kwenye barabara ya Dutwa. Tukasimama tukalitazama mpaka likapotea. Kisha Specioza akasema jua linapanda na samaki hawajapasuliwa, tukarudi.